Mpaina Mficho

Asubuhi ile Eudosia Mgaya alimnywesha dawa mtoto asiyeumwa.

Aliita Luiza, akaja mtoto, akafumbua mdomo, akameza kijiko kizima cha dawa ya kifua, kisha akaangua kicheko na kukimbilia uani. Kumbe nyuma ya mlango yupo mwenziwe, kajikunyata ndani ya sweta, anakohoa. Huyo ndiye Luiza. Aliyekunywa ni Oresta, mzima wa afya, aliyeitikia jina la nduguye kwa sababu dawa ile ni tamu kama asali, na kwa sababu pacha wa miaka minane hawakosi la kufanya.

Kubadilishana majina ulikuwa mchezo wao wa kila siku. Walishamdanganya mwalimu, wakamdanganya katekista, wakamdanganya bibi yao mpaka akaapa kwamba iko siku atamtia mmoja wao chapa kama ndama. Ila mama yao hawakuwahi kumpata. Eudosia aliwajua watoto hawa tangu wamewekwa kifuani pake, mmoja kulia na mwingine kushoto. Gizani aliwajua kwa pumzi. Alipowabeba mgongoni aliwajua kwa namna kila mmoja alivyolaza shavu. Ungemuuliza anawatofautishaje angekuambia hajui, anawajua tu, basi. Na leo, jua limeshatoka, kamtazama mtoto usoni kijiko kikiwa mkononi, akaona Luiza.

Alisimama pale jikoni, kijiko bado mkononi. Mama mkwe wake, Bi Skolastika, alikuwa anapepea moto kwenye jiko, naye akamwambia asijipe presha. Siku hizi Lyamuhala nzima ilikuwa hivyo. Juzi majirani wawili walikamuliana ng'ombe, huyu kakamua wa yule na yule wa huyu, na hakuna aliyejua mpaka ndama walipogoma. Yeye mwenyewe jana alitia chumvi kwenye chai, akainywa, akaongeza. Wazee walisema ni baridi ya mwaka huu, imewaingia watu kichwani.

"Mfunge mmoja uzi mkononi," Bi Skolastika alimalizia. "Ninao mwekundu, ulibaki nilipofuma kofia."

Eudosia alijibu kwa hasira ambayo hata yeye hakujua ilitoka wapi. Alisema mama anayehitaji uzi ili amjue mtoto aliyemzaa, heri asiitwe mama. Bi Skolastika hakukasirika. Aliguna tu, akatumbukiza koni nyingine mbili za mpaina, yale matunda yake makavu, motoni, zikalipuka kwa mwali wa manjano.

*

Mkate wa nyumba ile ulitokana na kutofautisha vinavyofanana. Eudosia alikuwa mwamuzi. Kazi hiyo ilizaliwa siku ilipopitishwa sheria kwamba mashine haiui chenye uhai mpaka mtu aweke kiganja chake na kutamka ndiyo kwa sauti yake. Amezunguka misitu ya nyanda za juu miaka sita, nyumbani akija kama mgeni, na sifa yake ilikuwa moja: umpe mipaina miwili ambayo wataalamu wanabishania, ataitazama mara moja na kukuambia huu ni upi na ule ni upi. Safari hii, na hana siku nyingi tangu afike, ndiyo mara ya kwanza kazi imemleta kijijini kwake mwenyewe, kwenye mteremko ulio juu ya nyumba yake.

Thadei Sanga, afisa aliyetumwa na idara, alikuwa tayari msituni. Kijana mrefu, mpole, barakoa imemfunika kuanzia pua hadi kidevu, sanduku la madumuzi limeketi kwenye nyasi kando ya miguu yake. Ndani ya sanduku madumuzi hayo, mashine za chuma za kutoboa miti, yalikuwa yakikwaruzana taratibu. Kila moja halizidi ukubwa wa harage, na hamsini yakiingia kwenye gome asubuhi, jioni mti umekauka umesimama.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Tuanze kabla jua halijawa kali."

Eudosia hakuvaa barakoa. Mwamuzi anahitaji pua yake, ndivyo alivyofundishwa.

Mti waliokuwa wanautafuta unaitwa mpaina mficho. Haukuota porini. Uliundwa na watu wa maabara zamani za ule ugonjwa wa vidukari weupe, wadudu waliokuwa wakinyonya mipaina hadi ikabaki fito. Wataalamu waliupa mti harufu ya kumpumbaza mdudu, atue juu ya gome asijue ametua kwenye mti au kwenye jiwe, aondoke na njaa yake. Ilifanya kazi, na watu walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza kama harufu ile itakomea kwa wadudu.

Tatizo ni kwamba mficho na mpaina wa kawaida ni kama ndugu wa baba na mama mmoja. Wa kawaida sindano zake huning'inia kama nywele zilizoloa. Za mficho husimama kidogo, kidogo sana, na mwaka wa ukame hata za wa kawaida husimama. Wa kawaida hubeba sindano tatu kwenye kichala kimoja, wakati mwingine nne. Mficho nne, wakati mwingine tatu. Alama isiyobishaniwa iko kwenye koni. Ya mpaina wa kawaida haina kikonyo, imegandana na tawi na itakaa hapo miaka, ilhali ya mficho inashikwa na kikonyo chembamba. Sasa hapo Lyamuhala koni ndiyo kiberiti cha kila jiko. Wanawake na watoto walikuwa wamezikusanya zote, zilizoanguka na za juu, wakapogoa na matawi ya chini kwa ajili ya kuni. Msitu mzima ulikuwa umenyolewa ushahidi.

Madumuzi nayo yalishindwa. Yalisoma uzazi wa mti na kujibu kwamba mipaina yote ya pale ina damu ya mficho, na hilo lilikuwa kweli, maana mbegu za kitalu zilishachanganyika kabla hazijapandwa. Katika miti mingi damu hiyo imelala. Katika michache imeamka, mwaka huu huu, miti ilipoanza kutoa maua. Ni jicho la mwamuzi tu lingeweza kusema upi umeamka.

Eudosia aliweka kiganja kwenye mti wa kwanza, akatazama juu. Akatazama tena. Akahesabu sindano: tatu, nne, tatu. Akazunguka upande wa pili. Akaenda kwenye mti wa jirani, akarudi. Miti miwili ilisimama mbele yake na ilikuwa mti ule ule.

Alijisemea ni usingizi. Alinawa uso kwa maji ya chupa, akaanza upya kutokea juu ya mteremko, na mambo yakawa yale yale. Kabla jua halijafika utosini alikuwa amepita miti kumi na kitu bila kutamka ndiyo wala hapana. Thadei alimfuata nyuma na sanduku lake.

"Dada, huoni?"

"Naona. Naona vizuri kabisa," alisema Eudosia. "Ila yote naiona sawasawa."

*

Walikaa chini, Thadei akamweleza kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiogopa swali hili tangu alipofika. Mficho ukianza kuchanua, harufu yake huongezeka. Mtu haisikii. Inaingia puani na kwenda kukaa kwenye ile sehemu ya ubongo inayotenga vitu vinavyofanana. Haigusi hesabu wala kumbukumbu. Mtu ataendelea kujua mbili na mbili ni nne, na atakumbuka harusi yake. Inachogusa ni kule kujua bila kufikiri, kule kuona uso na kusema ni fulani. Pumzi chache humtoka mtu baada ya muda mfupi. Zikizidi, hazitoki zote.

Eudosia alifikiria ng'ombe waliokamuliwa kimakosa. Alifikiria chumvi kwenye chai. Kisha akafikiria kijiko cha dawa.

Aliuliza itakuwaje akisema hajui. Thadei alieleza utaratibu, ingawa wote wawili waliujua. Mti ambao mwamuzi ametamka sijui unahesabiwa mficho, unakauka. Akitamka sijui kwa zaidi ya nusu ya msitu, msitu wote unakwenda. Na hawakuwa na siku nyingine, kwani kesho alfajiri madumuzi yanahamishiwa bonde jingine lenye hali mbaya zaidi, na mvua zikishaanza hayafanyi kazi.

Msitu wote. Eudosia aligeuza shingo akatazama chini. Mteremko ulishuka mkali hadi kwenye mabati ya kijiji: shule, kigango, nyumba yake yenye moshi. Kule Idunda, ng'ambo ya mlima, mwaka juzi walikata miti yote ya juu kwa mpigo. Masika yalipofika udongo uliteremka Jumapili mchana watu wakiwa mezani. Yeye alikwenda kwenye maziko. Hakupenda kukumbuka idadi ya majeneza.

Na miti ikiachwa? Mwakani chavua ingeshuka na upepo hadi madarasani, na wangekua watoto wasioweza kumjua mama kati ya wanawake wa soko.

Kwa hiyo akisema ndiyo kwa kubahatisha, anaweza kuua miti inayoshikilia ardhi na kuacha inayowala watu vichwa. Akisema sijui, ardhi inashuka. Alikaa pale akitamani mtu mwingine aitwe mwamuzi siku ile.

Wakati huo ndipo pacha walipotokea na chakula.

Walikuja kwa njia ya juu, mmoja kabeba chupa ya chai, mwingine bakuli la viazi vya kuchemsha lililofunikwa kwa kitambaa. Eudosia aliwatazama wakikaribia na hakujua yupi ni yupi. Walimwamkia, akaitikia, akapokea bakuli na uso wake hakuweza kuukunjua. Mtoto mwenye chupa alimuuliza mbona analia. Alisema ni vumbi.

Akawaambia wote wahame pale, waende kula juu kwenye uwazi, penye upepo. Walikaa kwenye kisiki. Alimega kiazi, akatafuna bila kusikia ladha, na alipoinua macho, mtoto aliyeshika chupa alikuwa Oresta. Hakufikiria. Alikuwa Oresta tu, kama ambavyo siku zote amekuwa, na yule anayepuliza kiazi ni Luiza.

Eudosia aliweka kiazi chini.

Aliteremka peke yake hadi kwenye mti aliokuwa ameuwekea kiganja mwanzo. Akakwangua gome kwa kisu, akaweka pua, akavuta pumzi moja ndefu. Akageuka kuwatazama watoto kule juu. Walikuwa watoto wawili wa kike wenye masweta ya kijani, na angeweza kukesha akiwatazama bila kujua yupi ni yupi.

Alipanda kwenye upepo, akangoja. Nyuso zao zilimrudia taratibu, kwanza ya Luiza, kisha ya Oresta. Akashuka kwenye mti wa pili, akakwangua, akavuta pumzi. Akageuka. Luiza kushoto, Oresta kulia, wazi kabisa.

*

"Hapana," alisema Thadei alipoelezwa. Alishusha barakoa ili asikike vizuri. "Dada, hapana. Ile miti haijui kwamba wewe unafanya kazi. Kila pumzi unailipia."

Alimkumbusha miti yenye mashaka ni mingi. Akipita yote kwa namna hiyo, hakuna daktari anayeweza kumwambia atabakiwa na nini. Eudosia aliuliza kwa nini asijaribu mtu mwingine, na Thadei alijibu kwamba idara ilishahangaika na majaribio ya rangi, maumbo, sauti. Mtu akipewa rangi mbili anaanza kupima, na kupima hakuguswi na harufu, kwa hiyo anapita hata akiwa amelewa mficho chakari. Kinachotakiwa ni vitu viwili vinavyofanana kabisa ambavyo mtu anavijua bila kupima.

"Ningekusaidia," Thadei alisema, na alionekana kuona haya. "Lakini sina kitu chochote duniani ninachokijua kiasi hicho."

Bi Skolastika naye hakufaa, wala jirani yeyote. Wamekaa chini ya miti hii mwaka mzima na walishafika mahali pa kutia chumvi kwenye chai. Kati ya watu wote waliowapenda watoto wale, ni mmoja tu aliyekuwa mbali, akizunguka misitu ya watu wengine. Eudosia alicheka kicheko kikavu. Miaka sita alijilaumu kwa kutokuwepo nyumbani, na sasa kutokuwepo huko ndiko kulikomfaa.

Alikwenda akakaa na watoto kwenye kisiki, akawatazama sana, mpaka wakaanza kusukumana kwa aibu. Aliona Oresta anavyokaza shingo kabla ya kusema uongo. Aliona Luiza anavyong'ata ndani ya shavu. Alijaribu kuviweka vitu hivyo kichwani kama maneno, kama mtu anayekariri njia kabla ya giza, na akagundua kwamba alichokijua hakikuwa shingo wala shavu. Hakikutamkika. Hasira ilimpanda, akawachukia watu wa maabara ambao hakuwahi kuwaona, akamchukia Thadei na upole wake, akauchukia hata mteremko.

Kisha aliwauliza watoto kama wangependa kucheza mchezo.

*

Mchezo ulikuwa rahisi. Pacha wasimame juu kwenye upepo, wasishuke hata kwa dawa. Mama akiwa kwenye mti atageuka, wao wawe wamebadilishana au hawakubadilishana, yeye ataje nani yuko kushoto. Akipatia bila kubahatisha, mti ni wa kawaida. Akikosea au akishindwa kuwatenga, Thadei anapaka gome chokaa, Eudosia anaweka kiganja na kutamka ndiyo, na madumuzi yanapanda.

Mwanzoni walifurahi mno. Wamekuwa wakitafuta kumdanganya mama yao tangu wajue kusema, na leo mama mwenyewe amewapa ruhusa. Kila alipokosea walirukaruka na kupigana viganja. Alipopatia walinuna. Thadei alisimama kando akiandika majibu kwa kidole hewani, kama wafanyavyo watu wa idara, na kila baada ya mti alimwomba Eudosia apande kwenye upepo apumzike, naye alipanda, akangoja nyuso zirudi.

Zilirudi. Ila kila mara zilichelewa kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Kwenye mti wa nne Luiza alirudi kabla chai haijapoa kikombeni. Kwenye wa saba chai ilipoa. Baadaye ilimbidi Eudosia afumbe macho, awasikilize wakibishana, afumbue tena, ndipo tofauti ijitokeze, hafifu, kama maandishi kwenye kanga iliyofuliwa sana. Alianza kuogopa kufumba macho. Mara moja alipanda juu akamshika mmoja kichwa, akanusa nywele zake, na mtoto akacheka akimwambia mama acha bwana. Nywele zilinukia moshi. Za mwenziwe pia.

Msitu ulijaa alama. Chokaa ilionekana hapa na pale, si nyingi kama walivyohofia. Miti mingi ilikuwa ya kawaida, imeshika ardhi yake. Kwa kila mti uliopona Eudosia alihisi furaha ya kweli, akaona mabati kule chini, akajiambia basi mmoja mwingine. Na kwa kila mti uliopakwa chokaa alikuwa amevuta pumzi ya mficho halisi.

Jua lilipoanza kulala upande wa Idunda watoto waliacha kurukaruka. Mama alikuwa amekosea mara mbili mfululizo, na mara hizo hawakupigana viganja. Mmoja wao, kwa sauti ndogo, alimuuliza kama bado ni mchezo.

"Bado," alisema Eudosia. "Imebaki miwili tu."

*

Miwili hiyo aliiacha mwisho kwa makusudi. Ilikuwa kwenye kona ya chini ya msitu, karibu na ua wa nyumba yao, imesimama bega kwa bega. Marehemu Bonifasi, mume wake, aliipanda wiki ambayo pacha walizaliwa. Alichimba mashimo mawili, akafukia kitovu cha kila mtoto kwenye shimo lake, akaweka miche aliyoitoa kwenye trei moja. Wa Oresta upande wa kisima, wa Luiza upande wa njia. Bonifasi hakuwahi kuiona ikimzidi kimo, maana gogo lilimwangukia kazini mipaina hiyo ikiwa magotini. Watoto walikuwa wakijipima urefu kwenye magome yake kila Krismasi, na wote wawili walikuwa wameshaachwa mbali.

Eudosia alikwangua mti wa upande wa kisima. Akavuta pumzi. Akageuka, akatazama juu.

Watoto wawili.

Akapanda, akangoja kwenye upepo. Alingoja hadi Thadei akaja kusimama karibu naye. Watoto wawili waliendelea kuwa watoto wawili. Walimtazama, naye akawatazama, na hakuna aliyerudi. Akashuka kwenye mti wa upande wa njia, akavuta pumzi, akageuka. Sawasawa na pale mwanzo. Lakini alikuwa hawajui hata kabla ya kuukwangua, na huenda ni pumzi za kutwa nzima zilizomlewesha wala si mti wa kisima, kwa hiyo jaribio halikumwambia kitu, na halitamwambia tena.

Pengine mmoja tu ulikuwa umeamka. Pengine yote, pengine hakuna hata mmoja. Angeweza kubahatisha. Thadei asingemhoji, wala idara, na mti mmoja wa Bonifasi ungebaki umesimama hapo karibu na ua. Aliweka kiganja kwenye mti wa kisima, akakiondoa. Akaweka kwenye mti wa njia. Gome lilikuwa na joto la mchana, na chini ya kidole chake gumba palikuwa na mkato wa kisu, urefu wa mtoto wa miaka mitano. Alilia pale waziwazi, hakusingizia vumbi. Alijiuliza kama anaubakiza mti kwa ajili ya kijiji au kwa ajili ya marehemu, na kila alichokishika kichwani kilifanana na kingine.

Alichokuwa na hakika nacho kilikuwa kimoja tu, nacho ndicho alichokitamka.

"Sijui," alisema, kiganja kikiwa kwenye mti wa njia. Akavuka hatua chache hadi wa kisima. "Na huu, sijui."

Thadei akafungua sanduku. Madumuzi yalipanda miti yote miwili kwa mwendo wa pole, yakatoboa, na unga mweupe ukaanza kumwagika kwenye nyasi. Juu yake, mteremko ulibaki wa kijani, na miti iliyopakwa chokaa ilikuwa ya kuhesabika. Thadei alimwambia kwamba ardhi itashika. Alimwambia mara mbili, kama vile angependa kumpa kitu kingine na hana.

*

Bi Skolastika alikuwa jikoni wakati wanaingia. Alimwona mkwe wake uso ulivyovimba, akawatazama wajukuu waliokuwa wametulia kuliko kawaida yao. Alivuta kigoda kwa ajili ya Eudosia, akaongeza koni jikoni.

Mtoto mmoja alikuwa anakohoa. Wote wawili walikuwa wamepigwa upepo siku nzima, na muda si mrefu mwingine naye alikohoa. Chupa ya dawa ilikuwa pale pale rafuni, kijiko kimelazwa juu yake.

Eudosia aliitazama chupa ile kwa muda. Kisha akageuka kwa mama mkwe wake.

"Mama," alisema, "nipe ule uzi."

Bi Skolastika hakuuliza uzi gani. Alipekua kikapu chake cha kufumia, akautoa, akaukata kwa meno na kumpa. Mwekundu, wa sufu, urefu wa kuzunguka mkono wa mtoto.

Eudosia aliwaita watoto wakaja kusimama mbele ya kigoda. Alitaka kusema mambo mengi. Alitaka kuwaeleza kwamba kuanzia leo ule mchezo wao hauwezekani tena, kwamba wakimdanganya hatajua, kwamba kijiko cha dawa kitakwenda kinywa chochote kitakachofunguka. Aliyaona macho manne yakimtazama na akajua wameshaelewa, wameelewa tangu kule juu. Alishika uzi kwa ncha zake mbili.

"Huu ni wa Luiza," alisema. "Luiza ni nani?"

Watoto walitazamana, kama walivyotazamana maelfu ya mara kabla ya kumchezea mtu, na Eudosia alihisi hofu ambayo hakuwahi kuihisi mbele ya watoto wake mwenyewe.

"Mimi, mama," alisema mmoja, akanyoosha mkono. Yule mwingine alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka, akaongeza kwamba yeye ni Oresta na hatakunywa tena dawa isiyo yake.

Eudosia alimtazama mtoto aliyenyoosha mkono. Akamtafuta usoni kwa nguvu zake zote, hakumwona. Basi akamwamini, akaufunga uzi.